Istilahi za Kamkoda

Mfasiri wa kijitabu cha maelezo ya mashine ana dhamana kubwa kuliko idhaniwavyo. Mtu wa kipato cha wastani atakaye kamkoda ya bei nafuu, apate kunasa harusi ya bintiye au masimulizi ya bibi yake, hununua kwa kuyaamini maneno aliyoandikiwa. Neno likikosewa, fedha zake hupotea. Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi chache zihusuzo chombo hicho.

Kwanza ni kamkoda yenyewe. Hapo awali kamera ya video ilikuwa chombo kimoja na mashine ya kunasia chombo cha pili, vikiunganishwa kwa waya. Mwaka 1983 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Betamovie, iliyoviweka vyote viwili pamoja. Hata hivyo, iliweza kunasa tu. Haikuweza kuonyesha ilichonasa. Hivyo hatuna budi kutenga “kunasa” na “kuonyesha”, kwani ni kazi mbili mbalimbali.

Pili ni ukuzaji, na hapa ndipo mnunuzi aghalabu hupotoshwa. “Ukuzaji wa lenzi” hufanywa na vioo vinavyosogea ndani ya lenzi, nayo picha hubaki na nukta zake zote. “Ukuzaji wa tarakimu” ni jambo jingine: chombo hukata sehemu ya kati ya picha na kuitanua. Tuchukue picha yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Ikikuzwa mara 2 kwa njia hii, nukta halisi zinazosalia ni 518,400, ambazo ni robo tu. Ikikuzwa mara 10, husalia sehemu moja katika mia. Mfasiri aandikaye “ukuzaji mara 100” bila kutaja ni wa aina gani humfanya mnunuzi alipie tarakimu tupu.

Tatu ni mahali pa kuhifadhia. “Kumbukumbu ya ndani” haitoki katika chombo, ilhali “kadi ya kumbukumbu” huchomolewa ikijaa na kuwekwa nyingine. Kamkoda kuukuu za “kanda” huweza kuuzwa kwa bei ndogo, lakini yafaa mnunuzi aulize kwanza kanda na mashine ya kuzionyeshea zitapatikana wapi. Ikumbukwe kwamba kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza mashine za VHS mwaka 2016.

Istilahi hazitungwi ili kupamba kamusi. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya, na kila neno walipime kwa swali moja: je, mtu mwenye fedha kidogo akilisoma dukani, atajua alipie nini na aache nini?