Kibumba: mvua inanyesha, lakini maji hayalali

KIBUMBA – Katika jangwa la Arizona, kule Marekani, kuna mashamba yanayopokea wasafiri wenye farasi. Msafiri anapewa kitanda, farasi anapewa zizi, majani na maji. Maji yakikosa, shamba haliwezi kupokea mgeni hata usiku mmoja.

Huku kwetu, kwenye barabara ya kitaifa namba 2 kati ya Goma na Rutshuru, Kibumba nayo imejua kazi ya kupokea wageni. Hifadhi ya Virunga ilijenga hapo kambi ya mahema, chini ya mlima Mikeno wenye mita 4,437. Wageni walilala hapo wakienda kuona sokwe wa milimani ao kupanda Nyiragongo.

Kibumba si jangwa. Mvua ni nyingi, na udongo wake mweusi unatoa viazi, mashu, karoti na vitunguu vinavyolisha Goma. Lakini chini ni mawe ya volkeno yenye matundu: maji yakianguka, yanazama. Wakaaji wanakinga mvua kwenye mabati na maturubai. Kiangazi kikirefuka, akina mama na watoto wanabeba bidoni na kutembea mbali.

Neno «kambi» lenyewe lina kumbukumbu nzito hapo. Julai 1994, wakimbizi wapatao 200,000 kutoka Rwanda walikusanyika Kibumba. Kipindupindu kiliua watu wengi, na maji yalipaswa kuletwa na malori. Kambi hiyo ilivunjika Oktoba 1996, vita ilipofika.

Farasi wa Kibumba ni chukudu: mbao ngumu, gurudumu mbili zilizovikwa kipira cha tairi, na mikono ya mwenyewe. Hainywi, haili majani. Ikishuka Goma inabeba mamia ya kilo za mazao, kupanda, inasukumwa. Goma iliijengea sanamu, maana familia nyingi zimesomesha watoto kwa hiyo mbao.

Wageni je? Mei 11, 2018, mlinzi wa hifadhi Rachel Masika Baraka aliuawa kaskazini mwa Goma akisindikiza watalii. Waingereza wawili na dereva wao walitekwa, kisha wakaachiliwa. Hifadhi ilifunga milango hadi Februari 2019. Machi 2020, korona ikaifunga tena. Februari 22, 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa karibu na Kibumba, pamoja na mlinzi wake na dereva Mkongomani. Mwisho wa 2022 M23 ikaingia Kibumba, na Januari 2025 ikashika Goma.

Kila mara mlango unapofungwa, hasara haiishii kwa hifadhi. Mpishi anakosa kazi, mbeba mizigo anarudi shambani, muuza viazi anapoteza mnunuzi wa karibu.

Siku usalama utakaporudi, mahema yanaweza kusimamishwa kwa wiki chache. Tangi la mvua na bomba la maji vinadai muda na makubaliano na wakaaji. Ndiyo maana kazi ingeanzia hapo. Tangi likinywesha kwanza kijiji, mgeni atapata maji pia, na wakaaji watakuwa na sababu yao wenyewe ya kulinda njia anayopitia.