Korti Ikikukataza, Fumbo Halitakuokoa

Bila shaka waijua methali isemayo: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Zamani watu walipigana mafumbo kisimani na kwa maandishi ya leso. Siku hizi hupigana kwa simu. Nako ndiko wengi wanakoponzwa, hasa wale ambao korti imekwisha kuwaamuru waache kumsumbua mtu.

Tuseme kijana wa Njoro alikuwa amemchumbia msichana wa Section 58, mjini Nakuru. Uchumba ukavunjika. Kijana akamwandama kwa simu na vitisho hadi msichana akakimbilia kortini. Hakimu akaamuru: usimsumbue, usimtishe, usiwasiliane naye kwa njia yoyote. Kijana haendi tena kwao wala hampigii simu. Lakini jioni moja anaandika kwenye Facebook: "Aliyekula pesa zangu ajue siku zake zinahesabika." Hakutaja jina. Je, ametii amri?

La hasha! Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini watu wake bado wanajuana. Kabla ya usiku kuingia, rafiki wa Bondeni na binamu wa Molo watakuwa wamemfikishia msichana maneno hayo. Naye atalala akiwa na hofu ile ile iliyompeleka kortini. Hakimu hatauliza tu kama jina lilitajwa. Atauliza ni nani aliyekusudiwa.

Sheria ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani ya 2015 inawahusu hata waliowahi kuwa wachumba. Anayevunja amri iliyotolewa chini yake anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 12, au yote mawili.

Kisha kuna sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018. Kifungu cha 27 kinataja mawasiliano ya moja kwa moja na hata ya kupitia kwa wengine. Korti inaweza kumwamuru aliyeshtakiwa akome, na pia asimtume mtu mwingine kumsumbua mlalamishi. Ombi laweza kupelekwa hata nje ya saa za kazi, na mtu mwingine aweza kuliwasilisha kwa niaba ya mlalamishi. Unadhani utajificha nyuma ya jina bandia? Korti inaweza kuiagiza kampuni ya simu itoe habari za mwenye laini. Adhabu ya kukaidi amri hiyo iliwekwa kuwa faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili.

Huenda ukauliza, "Na uhuru wangu wa kusema?" Uhuru huo upo katika Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010. Mnamo Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa sababu maneno yake hayakuwa wazi. Kwa hivyo si kila neno kali ni kosa. Lakini amri iliyotolewa dhidi yako ni jambo jingine. Hata ukiiona si ya haki, itii kwanza, kisha urudi kortini kuomba ibadilishwe au iondolewe. Huko ndiko kwa kujitetea, si mbele ya marafiki wa mtandaoni.

Isome amri hiyo neno kwa neno. Kama kuna jambo la watoto au mali, lipitishe kwa wakili. Usiwaombe marafiki wakusemee.

Nawe unayesumbuliwa, usijibu. Hifadhi ujumbe pamoja na tarehe yake kabla haujafutwa, uchukue nakala ya amri, uende kituo cha polisi.

Wazazi, zungumzeni na vijana wenu mapema. Kidole hubonyeza simu mara moja tu, lakini kesi huchukua miezi.