Mbunge akiwa Waziri: rekodi ya uchaguzi ya Hawa Ghasia katika Jimbo la Mtwara Vijijini, 2005 hadi 2020

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Kwa miaka 15 mfululizo Jimbo la Mtwara Vijijini liliwakilishwa bungeni na mtu mmoja. Hawa Abdulrahman Ghasia, aliyezaliwa mwaka 1966, alichaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005 kwa tiketi ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), akarudishwa mwaka 2010 na tena mwaka 2015. Karibu miaka kumi ya kipindi hicho alikuwa pia Waziri. Oktoba 2020 wapiga kura wa jimbo hilohilo walimpa nafasi mgombea wa Chama cha Wananchi (CUF), Shamsia Azizi Mtamila.

Wananchi wengi hupenda kusoma rekodi ya namna hii kwa kuhesabu ushindi na kushindwa. Makala haya yanaitazama kwa njia nyingine: mbunge huyo alikuwa ameketi kiti gani bungeni kila jambo kubwa la jimbo lake lilipofika mezani? Katiba haimpi Waziri uhuru uleule inaompa mbunge wa kawaida, na katika Mtwara Vijijini tofauti hiyo ilionekana wazi mara mbili, kwanza katika suala la gesi na baadaye katika suala la korosho.

Jimbo lenyewe linaizunguka Manispaa ya Mtwara Mikindani na kushuka kusini hadi Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, ambako abiria huvuka kwa kivuko cha Kilambo. Upande wa mashariki ni pwani ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Watu wake huvua samaki, hulima mpunga bondeni, na zaidi ya yote hutegemea korosho. Chini ya ardhi na bahari hiyo kuna gesi asilia, iliyogunduliwa mwaka 1982.

Uchaguzi wa 2005 ulikuwa ufanyike Oktoba 30, lakini uliahirishwa hadi Desemba 14 kutokana na kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA katika nafasi ya urais, Jumbe Rajab Jumbe. Wakati huo wanawake wengi waliingia bungeni kupitia viti maalumu, Bi. Ghasia aliingia kwa kura za jimbo. Siku chache baada ya mwaka mpya kuanza, Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma. Alidumu katika wizara hiyo hadi Mei 2012, na ni katika kipindi chake ndipo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilipoanza kazi. Baada ya hapo alihamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), akichukua nafasi ya George Mkuchika, Mbunge wa Newala. Kwa maneno mengine, wizara inayosimamia halmashauri zote nchini ilitoka kwa mbunge mmoja wa Mkoa wa Mtwara ikaenda kwa mwingine. Desemba 2014 ndiye aliyekuwa Waziri mwenye dhamana wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na ndiye aliyetangaza hatua za kinidhamu dhidi ya wakurugenzi kadhaa wa halmashauri ambako taratibu za uchaguzi huo zilikiukwa.

Hapa inafaa kueleza jinsi sheria inavyosema. Ibara ya 55 ya Katiba inaelekeza kuwa Mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa Wabunge. Ibara ya 53 inasema Mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja Bungeni kuhusu utekelezaji wa shughuli za Serikali. Wakati huohuo Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, na Ibara ya 63 inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali. Mbunge anayeteuliwa kuwa Waziri habadilishiwi jimbo wala haongezewi muhula. Hata hivyo, tangu siku anapoapishwa, msimamo wa Serikali huwa ndio msimamo wake. Akiona hawezi kuutetea, njia iliyobaki ni kujiuzulu.

Desemba 27, 2012 wakazi wa Mtwara waliandamana kupinga mpango wa kusafirisha gesi kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hoja yao ilikuwa rahisi kuieleza: gesi imetoka kwao, hivyo viwanda na mitambo ya umeme vijengwe kwao. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba gesi ni mali ya Taifa zima, na kwamba mitambo mikubwa ya umeme na watumiaji wengi wako Dar es Salaam. Januari 2013 Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alifika Mtwara kuzungumza na wananchi. Hali ilitulia kwa muda, kisha ikalipuka tena Mei 22, 2013, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliyosomwa na Prof. Sospeter Muhongo ilithibitisha kuwa bomba lingejengwa. Watu walipoteza maisha, na mali za umma na za watu binafsi ziliteketezwa kwa moto.

Mbunge wa Msimbati na Madimba, vijiji ambavyo gesi inachimbwa na kusafishwa, alikuwa Waziri katika Baraza la Mawaziri lililopitisha mradi huo. Hakuwa na nafasi ya kusimama bungeni na kuupinga, hata kama wapiga kura wake wangemtaka afanye hivyo. Wapo waliosema jimbo lilinyamaziwa. Wengine walijibu kuwa sauti ya Waziri husikika zaidi ndani ya chumba cha Baraza kuliko ukumbini mwa Bunge. Hoja hizo mbili haziwezi kupimwa kwa ushahidi wa wazi, kwa sababu majadiliano ya Baraza la Mawaziri ni siri, ilhali ya Bunge huchapishwa katika Taarifa Rasmi. Mwananchi anayetaka kumpima mbunge wake ana nyaraka za upande mmoja tu.

Jambo ambalo halikupewa uzito wa kutosha katika mabishano ya wakati ule ni ushuru wa huduma. Wakati huo kampuni zilizofanya shughuli ndani ya eneo la halmashauri zililipa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa halmashauri hiyo. Kwa wilaya yenye kisima cha gesi hilo ni pato lisilohitaji kusubiri mgawo kutoka Hazina, na wizara iliyosimamia halmashauri ilikuwa mikononi mwa mbunge wa jimbo husika. Pengine hapo ndipo yalipokuwa mazungumzo yenye tija zaidi kwa vijiji vya pwani, lakini bomba ndilo lililotawala mikutano.

Bomba lilikamilika mwaka 2015, pamoja na mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba. Mwaka huohuo ramani ya uchaguzi ilibadilika. Jimbo jipya la Nanyamba lilimegwa kutoka Mtwara Vijijini, na Abdallah Chikota akawa mbunge wake wa kwanza. Ni muhimu msomaji akumbuke hilo anapolinganisha idadi ya kura za 2010 na za 2015, kwani jina la jimbo ni lilelile lakini eneo silo.

Katika uchaguzi wa Oktoba 25, 2015, Jimbo la Mtwara Mjini, lililokuwa la Hasnain Murji wa CCM, lilichukuliwa na Maftaha Nachuma wa CUF. Ilidhaniwa na wengi kuwa hasira ya gesi ndiyo iliyoamua. Lakini ikiwa ni hivyo, kwa nini vijiji vyenye visima vilimrudisha Waziri, na mji ndio ukabadilisha chama? Karatasi ya kura haina nafasi ya kuandika sababu, na tahadhari inahitajika kwa kila anayedai kuisoma.

Bi. Ghasia hakurudi katika Baraza la Mawaziri chini ya Rais John Magufuli. Alichaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Bajeti, nafasi yenye uzito kuliko wengi wanavyofahamu, maana kamati hiyo huchambua mapendekezo ya Serikali ya mapato na matumizi kabla hayajafika mbele ya Bunge zima. Safari hii uhuru wa Ibara ya 100 ulikuwa wake wote.

Jambo la kuutumia lilifika Juni 2018. Korosho ghafi inayouzwa nje ya nchi hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au Dola za Marekani 160 kwa tani, kwa kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 na marekebisho yake, asilimia 65 ya fedha hizo ilipaswa kwenda kuendeleza zao lenyewe: utafiti, miche, na pembejeo kama salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Asilimia 35 ilibaki katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Muswada wa Sheria ya Fedha wa 2018 ulipendekeza fedha zote ziingie Mfuko Mkuu, na mahitaji ya korosho yapangwe kupitia bajeti ya Serikali kama ya mazao mengine. Msimu uliokuwa umetangulia ulivunja rekodi kwa zaidi ya tani 313,000, hivyo kiasi kilichobishaniwa hakikuwa kidogo.

Wabunge wa mikoa ya kusini walipinga kwa kauli kali, naye akiwa miongoni mwao. Muswada ulipita na ukawa sheria. Oktoba 2018 aliachia uenyekiti wa Kamati ya Bajeti, na George Simbachawene akashika nafasi hiyo. Mwezi uliofuata Serikali iliingia yenyewe kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kukataa bei za wanunuzi mnadani.

Mwaka 2013, alipokuwa Waziri, Bi. Ghasia hakuweza kuupinga mradi wa bomba hadharani. Mwaka 2018, alipokuwa huru kupinga, hakuwa na kura za kutosha kuzuia. Hilo si kosa la mtu, bali ndivyo mfumo wetu wa Bunge ulivyojengwa, na kila jimbo linalofurahia mbunge wake kupewa uwaziri linaingia katika mizani hiyohiyo.

Oktoba 28, 2020 CCM ilimsimamisha tena. Katika uchaguzi ambao chama hicho kilishinda karibu majimbo yote ya Tanzania Bara, Mtwara Vijijini lilikuwa miongoni mwa machache sana yaliyokwenda upinzani. Mtwara Mjini nako kuligeuka: Nachuma alishindwa na Hassan Mtenga wa CCM. Mji na vijiji vinavyouzunguka vilikuwa vimebadilishana vyama, kinyume kabisa cha 2015. Mwezi uliofuata Bunge la 12 lilianza mkutano wake wa kwanza Dodoma, na Mtwara Vijijini likaendelea kuwakilishwa na mwanamke aliyechaguliwa kwa kura za jimbo, safari hii kutoka upande wa upinzani.