Eksirei Haibaki Mwilini, Kikohozi Ndicho Hubaki

Binamu yangu huchomelea mageti pale Kariobangi Light Industries, na tunaishi naye chumba kimoja huku Umoja. Wiki ya kwanza akikohoa, tulisema ni vumbi. Ya pili tukalaumu baridi ya Julai. Ya tatu, jasho la usiku likaanza kulowesha shuka, na alipoenda kliniki akaandikiwa eksirei ya kifua. Akakataa katakata.

"Brathe, hiyo miale ikiingia haitoki. Na mimi bado sijapata mtoto."

Usicheke. Hiyo stori utaisikia mtaani kuanzia Dandora hadi Donholm. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini fizikia sikuiacha getini. Basi nikamkalisha chini.

Ndani ya ile mashine kuna mrija usio na hewa. Upande mmoja kuna waya mwembamba unaopashwa moto, kama ule wa balbu za zamani, mpaka unatoa elektroni. Umeme wa volti kama 100,000 huzivuta hizo elektroni kwa kasi ya ajabu, zikaenda kugonga kipande cha tangsteni upande wa pili.

Sasa fikiria dere wa matatu akikanyaga breki ghafla pale Outering. Ule mwendo haupotei bure, unageuka joto kwenye breki. Elektroni nazo zikikatwa mwendo na atomu za tangsteni, karibu asilimia 99 ya nguvu zake huwa joto. Ile asilimia 1 hivi inayobaki ndiyo hutoka kama eksirei. Tangsteni huchaguliwa kwa sababu haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,400.

Eksirei yenyewe ni ndugu ya mwanga, ila ina nguvu zaidi na jicho haliioni. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua Novemba 1895, akaiita X kwa sababu hakujua ni kitu gani.

Nikamuuliza binamu: "Ukizima mashine yako ya kuchomelea, ule mwanga hubaki wapi?"

"Haubaki. Unazima tu."

"Na eksirei ni hivyo hivyo."

Ikipita mwilini, kila kitu huimeza kwa kiasi chake. Mifupa ina kalsiamu, ambayo atomu zake ni nzito kuliko kaboni na oksijeni za nyama. Inameza miale mingi na kutokea nyeupe pichani. Mapafu yamejaa hewa, miale inapenya, yanatokea meusi. TB ikishika pafu, pale penye hewa panajaa uvimbe na majimaji, na doa jeupe linajitokeza.

Sitakudanganya kwamba haina madhara kabisa. Miale inayomezwa hubandua elektroni kwenye atomu za mwili, na inaweza kuharibu DNA. Ndiyo maana mwenye mimba lazima aseme mapema, na mpiga picha hujificha nyuma ya ukuta, kwa kuwa yeye hufanya kazi hiyo kutwa nzima. Lakini picha moja ya kifua ni kama mnururisho ambao mwili wako hupata kwa siku 10 hivi kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kumfanya mwanaume tasa, hata kwa muda tu, kunataka kipimo kinachozidi hicho zaidi ya mara 1,000.

Alienda Jumatatu. Picha ilikuwa na doa jeupe juu ya pafu la kulia. Doa peke yake si jibu, kwa hivyo makohozi yakapimwa, na kweli ikawa TB. Dawa zake hospitali za serikali ni bure, miezi sita bila kuruka.

Nami nikapimwa, maana tulikuwa tunavuta hewa moja usiku kucha na dirisha limefungwa. Niko sawa. Siku hizi dirisha linalala wazi, hata kukiwa na baridi.