Taa ya injini isile faida ya msimu wa pamba

BARIADI: Pamba inapoanza kununuliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huzunguka katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Magari madogo ya abiria, maarufu kama michomoko, hayapumziki. Kwa tajiri wa gari, siku moja ya kulala gereji wakati huo ni hasara isiyorudi.

Toyota Probox na IST nyingi zina injini ya 1NZ yenye mfumo wa VVT-i, ambao Toyota iliuanza katikati ya miaka ya 1990. Mfumo huu hutumia msukumo wa oili kuisogeza kemshafti kidogo, ili valvu za kuingiza hewa zifunguke mapema au zichelewe kulingana na kazi ya injini. Ukipata hitilafu, gari hukosa nguvu, hutetemeka likiwa sailensa, hula petroli na taa ya injini huwaka.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mashine ikisoma P0011, fundi mwenye haraka hushauri inunuliwe injini ya mtumba. Lakini namba hiyo hutaja dalili, haitaji kifaa kilichokufa. P0010 huelekeza kwenye umeme wa valvu ya oili. P0011 ni kemshafti kutangulia kupita kiasi, P0012 ni kuchelewa. P0016 ni kemshafti na krenkshafti kutopatana, na hapo cheni huweza kuwa imelegea au imeruka jino.

Utaratibu wenye faida ni kuanza na cha bei ndogo:

Kwanza, angalia kiasi na hali ya oili. Ikiwa nyeusi na nzito, badilisha pamoja na chujio lake.

Pili, fungua valvu ya oili, isafishe pamoja na chujio lake dogo, ambalo huzibwa na tope la oili.

Tatu, pima koili ya valvu ikiwa baridi. Kwa 1NZ, kipimo kizuri ni omu 6.9 hadi 7.9.

Nne, injini ikiwa sailensa, ipe valvu umeme wa betri kwa muda mfupi. Injini ikitetemeka au kuzimika, valvu inafanya kazi. Isipobadilika, valvu imeganda au njia ya oili imeziba.

Baada ya hayo ndipo ifunguliwe cheni.

Tuchukue mfano wa hesabu: gari linalomletea tajiri sh. 30,000 kwa siku likilala siku 10 kungoja injini, sh. 300,000 zimekwenda kabla ya kulipia injini yenyewe wala fundi. Vipimo hivyo vinne ni kazi ya saa chache.

Ushauri wetu kwa wenye magari: badilisheni oili kabla ya mizani ya pamba kufunguliwa, na msitoe fedha ya injini kabla fundi hajawaonyesha vipimo.