Je, Wajua? Nakshi Zisizochongwa

Je, wajua kuwa maua na majani mengi yanayopamba meko na fremu za vioo katika majumba ya Uingereza ya karne ya 18 hayakuchongwa kwenye mbao? Mafundi walikanda unga wa chaki, gundi ya ngozi za wanyama, mafuta ya mbegu za kitani na ulimbo wa msonobari, kisha wakaligandamiza donge hilo la moto ndani ya kalibu za mbao ngumu. Pambo likifukizwa kwa mvuke hulainika, hufuata mviringo wa samani na kushika kwa gundi yake lenyewe. Msanifu majengo Robert Adam (1728–1792) aliyatumia sana mapambo haya: kalibu moja ilitoa mapambo mengi yanayofanana, kwa gharama ndogo kuliko kuchonga.