Alama Inapopotosha: Taimingi ya Kamshafti katika Pikipiki Kongwe za Nairobi

Neno taimingi limekwisha kuwa mwenyeji katika Kiswahili cha mafundi wa Nairobi. Kuanzia maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan, hadi gereji za kando ya njia kule Kawangware, Kangemi na Dagoretti, fundi akisema injini imepoteza taimingi huwa anamaanisha kwamba vali hazifunguki wala kufungika kwa kulingana na mwendo wa pistoni. Makala haya yanaeleza jinsi taimingi inavyopangwa katika pikipiki kongwe iliyobadilishwa, na kwa nini alama za kiwandani huweza kumpotosha fundi hodari.

Katika injini ya mapigo manne, krankishafti huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Uwiano huu hauna msamaha. Mwanafunzi wa arudhi ataelewa upesi: mizani moja ikizidi, mshororo mzima hupwaya.

Mafundi wengi wa leo wamefunzwa na boda boda. Nyingi miongoni mwa pikipiki za Kichina zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, iliyotolewa mwaka wa 1976. Humo kamshafti imo chini, karibu na krankishafti, na huendeshwa kwa gia. Fundi hulinganisha alama ya gia moja na ya nyingine, kazi ikaisha. Hata hedi ikikwanguliwa, gia hazisogei.

Honda XL125 ya zamani ni kisa kingine. Kamshafti yake imo juu, ndani ya hedi, nayo huvutwa kwa cheni. Sasa, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Si ajabu basi kwamba mwenye pikipiki kama hiyo hutamani hedi ikwanguliwe ili mgandamizo uongezeke. Hapo ndipo tatizo huzaliwa. Hedi ikishuka, kamshafti hukaribia krankishafti, na upande wa cheni unaovuta hulegea. Krankishafti hulazimika kuzunguka zaidi kidogo kabla ya kuivuta kamshafti. Kwa hiyo vali huchelewa. Sproketi ya kamshafti ikiwa na kipenyo cha milimita 65, kila milimita 1 iliyokwanguliwa huleta uchelewaji wa karibu digrii 3.5 za krankishafti. (Gasketi nene kuliko ya awali hufanya kinyume: huwahisha.) Injini iliyochelewa hukosa nguvu ya chini, nayo nguvu hiyo ndiyo inayohitajika kupanda kutoka Chiromo kuelekea Westlands ukiwa na abiria.

Je, fundi aruke jino moja la sproketi? La hasha. Sproketi ikiwa na meno 32, jino moja ni digrii 22.5 za krankishafti. Atakuwa ametibu jipu kwa shoka.

Dawa ni kupima. Kwanza sahani ya digrii hufungwa kwenye ncha ya krankishafti. Hata kadibodi iliyochorwa kwa kipimapembe hufaa. Plagi hutolewa na mahali pake huingizwa kizuizi kisichofika mbali. Injini huzungushwa taratibu kwa mkono hadi pistoni iguse, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndiyo nukta halisi ya juu.

Kizuizi kikishatolewa, saa ya kupimia huwekwa juu ya vali ya kuingizia. Injini huzungushwa kwa mwelekeo wake wa kawaida tu, ili cheni ibaki imekazika. Fundi husoma digrii vali ikiwa milimita 1 kabla ya kilele cha kufunguka, na tena ikiwa milimita 1 baada yake. Tuseme amepata 74 na 145 baada ya nukta ya juu. Katikati yake ni 109.5. Ikiwa kamshafti hiyo ilikusudiwa kuwa 106, imechelewa kwa digrii 3.5. Matundu ya bolti za sproketi hurefushwa kwa tupa, kamshafti husogezwa mbele digrii 1.75, yaani nusu, kisha kipimo hurudiwa. Wengi huipuuza hatua hii ya kurudia, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Hata hivyo, injini isiwashwe bado. Hedi iliyoshuka imezisogeza vali karibu na pistoni, na kuwahisha kamshafti huisogeza ya kuingizia zaidi. Plastisini hubandikwa juu ya pistoni, injini hufungwa na kuzungushwa mizunguko miwili kwa mkono, kisha hufunguliwa na alama zilizobaki hukatwa na kupimwa. Kanuni iliyozoeleka ni unene usiopungua milimita 1.5 upande wa vali ya kuingizia na 2 upande wa kutolea moshi. Ukipungua, mashimo ya vali juu ya pistoni hukwanguliwa zaidi, au gasketi nene hutiwa, na upimaji huanza upya kutoka sahani ya digrii.